Jibu: "discard", "dump" au "dispose of"?
Habari ndugu. Umeuliza neno lipi kati ya haya ya Kiingereza liende kwenye tangazo la zahanati kuhusu sindano zilizotumika.

Angalia kwanza unamwambia msomaji nini: aache kukitumia kitu, au akipeleke mahali maalumu? Kwako ni la pili, kwa hiyo andika "Dispose of used needles in the sharps box", yaani sanduku la vifaa vyenye ncha kali. Hiyo "of" usiidondoshe, sentensi itavunjika. "Dispose of" limebeba utaratibu, ndiyo maana huandikwa kwa taka za hospitali, kemikali na betri.

"Discard" ni kuachana na kitu kisichohitajika tena. Kitaishia wapi, halisemi. Kwenye chupa nyingi za dawa ya macho utasoma "discard 28 days after opening", yaani siku 28 zikipita tangu uifungue, usiitumie tena. Mcheza karata naye akitupa karata, ni "discard" hilohilo.

"Dump" liepuke kabisa! Linaleta picha ya lori linalobinua kifusi, na mara nyingi ni lawama: mtu kamwaga taka pasiporuhusiwa. "Throw away" ni la nyumbani, halifai kwenye tangazo hilo.