Presha ya Mimba Haiishii Leba

Mwanamke mwenzangu, kama uliwahi kupata kifafa cha mimba au presha ilikupanda ukiwa mjamzito, naandika kwa ajili yako kwanza. Mimi ilinipata katika mimba ya pili: miguu ilivimba, kichwa kikagonga, kipimo kikapita 140/90 na mkojo ukakutwa na protini. Nilipojifungua presha ikashuka, nikaruhusiwa na mtoto wangu, na hakuna aliyenigusia habari ya moyo. Laiti wangeniambia! Aliyepata kifafa cha mimba ana hatari ya takribani mara mbili ya kuugua moyo au kiharusi miaka ya baadaye. Kisukari cha mimba nacho huongeza hatari.

Siku hizi kila nikikutana na daktari mpya namweleza habari za mimba zangu kabla hajauliza, hata kama nimekwenda kwa jambo jingine. Nawe fanya hivyo, hata kama mtoto huyo sasa ana watoto wake. Pima presha angalau kila mwaka; sukari na lehemu (mafuta ya kwenye damu), fuata ratiba ya daktari. Hedhi ikikoma ndipo uzidishe uangalifu, kwani estrojeni, homoni ya kike, hupungua, na presha na lehemu huelekea kupanda umri huo. Sigara, iache.

Zinazoninyima usingizi ni dalili za mshtuko wa moyo. Kubanwa kifua ndiyo dalili kubwa hata kwetu, ila kwa wanawake mara nyingi huandamana na mengine, na pengine hayo mengine huja peke yake: kukosa pumzi, kichefuchefu, jasho la baridi, maumivu ya taya, shingo au mgongo, uchovu usioeleweka. Dada yangu alianza kuchoka hata kwa kutandika kitanda. Siku chache baadaye taya likamuuma, akawa anataka kutapika. Jirani akaleta dawa ya kiungulia. Shemeji akasema twende hospitali sasa hivi. Ulikuwa mshtuko wa moyo. Namshukuru shemeji mpaka leo.

Yakikupata, usingoje chakula kiive wala watoto walale. Piga simu ya dharura au upelekwe, usiendeshe gari mwenyewe. Wakikwambia ni wasiwasi tu, sema wazi, "Naomba nipimwe moyo," na utaje presha ya mimba. Kipimo cha kwanza kikitoka kizuri na bado unaumwa, omba kirudiwe, maana troponini, protini inayovuja kutoka kwenye moyo ulioumia, huchukua saa kadhaa kupanda kwenye damu.