Kabla hujalipa hiyo pikipiki, fungua bolti ya linki

Mkuu, usitume hela leo. Hata ya kishika uchumba usitume.

Umesema mashine ina miaka saba, mita inasoma kilomita 6,000, ina mabegi matatu ya aluminiamu, na muuzaji anakuapia kwamba ilikuwa ya wikiendi tu. Kwa hela hiyo hiyo dukani unapata mpya, ila ndogo, na unauliza uchukue ipi. Wewe unataka ya kupanda mwaka mzima, mvua ikinyesha na baridi ikiuma. Na hapo juu wadau wameshakujazia "chukua hiyo, 6,000 ni mpya kabisa". Nimesoma presha ikapanda, maana sentensi hiyo, karibu neno kwa neno, ndiyo iliyonifanya ninunue pikipiki mbovu kuliko zote nilizowahi kumiliki, na mbovu nimemiliki kadhaa.

Yangu ilikuwa inang'aa. Tangi halina mkwaruzo, siti haina hata mkunjo, injini inawaka kwa mguso mmoja na kutulia. Nilikagua kila kitu ambacho mtu anaweza kukiona akiwa amesimama wima. Nikapiga tairi teke, sijui kwa nini, nadhani ni desturi yetu tusiojua tunachotafuta. Nikalipa.

Mvua za kwanza zilipita salama. Baadaye nyuma ikaanza kugonga kila nikipita shimoni, mlio mkavu. Nikadhani ni mabegi, nikayakaza. Nikailaumu cheni. Nikailaumu barabara. Fundi aliponyanyua mashine na kushika gurudumu, likacheza juu na chini bila shokapu kusogea hata kidogo. Ilikuwa linki, ile mikono mifupi iliyojificha chini kabisa, inayounganisha shokapu na uma wa nyuma, yaani mkono unaoshika gurudumu. Beringi zake za sindano zilikuwa zimegeuka unga mwekundu.

Beringi zenyewe si ghali. Kilichoniua ni bolti. Bolti ni ya chuma, inapita kwenye aluminiamu, na maji ya chumvi yalikuwa yamekaa katikati kwa muda mrefu. Metali hizo mbili zikigusana na kuloweshwa pamoja, inayolika ni aluminiamu, na ule unga mweupe unaobaki unahitaji nafasi kubwa kuliko aluminiamu iliyolika. Unajibana mle ndani mpaka bolti inashikana kabisa na ilipopita. Fundi akapuliza dawa ya kulegeza, akapasha moto, akagonga nyundo, akatukana, mwisho akakata. Katika kukata, uma ukaumia. Uma mwingine ukanunuliwa. Na kwa kuwa mashine ilikuwa imeshafunguliwa, tukaanza kuona mengine.

Kalipa ya nyuma, ile inayobana diski ya breki, ilikuwa imeota kutu nyeupe nyuma ya sili, ikawa inaisukuma sili ibane pistoni. Breki haikuwa inaachia vizuri, na mimi muda wote huo najiambia mashine za safari ni nzito kidogo, utazizoea. Vinati vya spoki vilikuwa vimegoma, ukijaribu kunyoosha rimu spoki inakatika badala ya kukaza. Soketi za waya chini ya tangi zilikuwa na ukijani, na ukijani ule unatambaa ndani ya plastiki ya waya usipoweza kuuona. Ndiyo maana taa ya ABS, ule mfumo unaozuia gurudumu kujifunga ukipiga breki, ilikuwa inawaka siku za mvua na kuzimika jua likitoka, nikaenda kununua sensa mpya ya gurudumu wakati ya zamani haikuwa na kosa lolote. Bado ninayo, nzima, kama kuna mdau anaihitaji.

Jumla ya matengenezo ilipita ile tofauti ya bei niliyokuwa najisifu nimeiokoa kwa kukwepa mpya. Mabegi ndiyo pekee hayakunisumbua. Siku hizi natunzia viatu.

Nilipompigia muuzaji alinijibu, "Si nilikwambia haina kilomita?" Kweli alinambia! Alichoacha kunambia ni kwamba hizo chache zote zilikwenda kando ya bahari, kisha mashine inasukumwa bandani ikiwa na unyevu na chumvi yake mpaka wikiendi nyingine, au mwezi mwingine. Hakudanganya hata neno moja, na hilo ndilo linaniuma zaidi. Halafu kuna yule jamaa wa video anayefundisha watu kununua pikipiki zilizotumika akiwa na jaketi safi na glavu safi. Orodha yake ndefu, na hakuna hata kitu kimoja kinachohitaji upige goti. Kilomita, rangi, stakabadhi, sauti ya injini. Nilimwandikia kumweleza yaliyonipata, akanishauri nitazame video nyingine.

Mkuu, 6,000 kwa miaka saba ni chini ya kilomita 900 kwa mwaka. Ama ilikuwa inasimama tu, ama inakwenda dukani na kurudi. Safari fupi fupi haziipi injini moto wa kutosha kukausha maji yanayojikusanya kwenye oili na kwenye ekzosi, kwa hiyo inaliwa kutoka ndani. Ikisimama, betri inakufa, petroli inaacha utando, sili zinakauka, na tangi la chuma linatoa jasho kwa ndani. Mimi leo ningechukua Suzuki V-Strom 650 yenye kilomita 50,000, ambayo mwenyewe ana daftari la huduma na kucha zenye grisi, nikaiacha hiyo yako. Injini ya V-Strom hiyo, klirensi ya valvu (ile nafasi ndogo inayoachwa kwenye valvu) tu kitabu kinataka ikaguliwe kila kilomita 24,000. Namba kubwa kwenye mita haiitishi.

Sasa kanuni, na sitaki mjadala: hela haitoki mpaka bolti ya linki ifunguliwe mbele ya macho yako. Nenda na fundi wako, si wake. Mashine inyanyuliwe kwa jeki kwenye fremu, gurudumu la nyuma lisibebe uzito na litegemezwe kidogo, nati itoke, bolti isukumwe. Ikitoka na grisi, hata iliyokwisha kuwa nyeusi, ujue kuna mtu alishawahi kufika pale. Ikitoka kavu na ina rangi ya chungwa, bei ishuke sana au ondoka. Isipotoka kabisa, ondoka, wala usiage.

Kwa nini bolti hiyo na si nyingine? Tairi inairushia maji na tope moja kwa moja, kuifikia ni kazi, na kiwandani mara nyingi wanaipaka grisi kidogo mno. Aliyejisumbua kuipaka upya hawezi kuwa amesahau kalipa na cheni. Bado sijamwona aliyeipaka hiyo akasahau hizo. Honda Africa Twin ina linki, Yamaha Ténéré 700 inayo, V-Strom 650 inayo, Royal Enfield Himalayan inayo. BMW GS za injini ya boksa, ile yenye silinda zilizolala kushoto na kulia, hazina, hizo shika gurudumu la nyuma ulitikise juu na chini kwa nguvu, likicheza kuna beringi imekwisha, kisha omba kalipa ifunguliwe. Wakati wa kufunga tumieni spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, na kipimo cha kitabu, asije akakudai kwamba umemharibia.

Atakataa? Wengine hukataa. Mwambie fundi utamlipa wewe, nati mpya utanunua wewe. Akiendelea kukataa baada ya hapo, anaijua hiyo bolti kuliko wewe.

Ah, mpya. Ukichukua mpya, bolti ni ile ile. Kabla ya mvua ya kwanza linki ifunguliwe na kujazwa grisi, hata kama muuza duka atakushangaa. Soketi za waya zipate grisi ya umeme. Chumvi, iwe ya bahari au ile wanayomwaga barabarani kwenye nchi za theluji, ioshe siku hiyo hiyo kwa maji baridi, kwa sababu ya moto yanaharakisha ulaji. Bomba la presha usilielekeze kwenye linki wala kwenye beringi za magurudumu. Dhamana usiitegemee kwa kutu mpaka umesoma masharti yake. Faida yako kubwa ni kwamba historia ya maji ya mashine hiyo unaianza wewe, na kwa mtu wa kupanda mwaka mzima mimi naiona kubwa kuliko cc za ziada za injini unazozitamani. Kuna mtu atakuja hapa kusema mpya inashuka bei ukishaitoa tu dukani. Inashuka, ndiyo. Na uma uliokatwa kwa msumeno, utamuuzia nani?

Swali lako la gurudumu la mbele: kama tope na mawe ni kila siku, inchi 21. Kama njia yako kubwa ni lami, 19, inakata kona vizuri zaidi. Kulikuwa na swali lingine la jaketi la umeme, lile linalopasha mwili joto, kama sikosei. Hayo hula wati 70 mpaka 100, kwa hiyo uliza kwanza jenereta ya mashine inabakiza kiasi gani baada ya taa na injini. La urefu wa siti wengine watakujibu, mimi miguu yangu inafika popote.

Ukienda kuiona hiyo ya mabegi, tuma picha ya chini, ilikofungwa linki. Zote ulizoweka hapa ni za tangi.