Tamasha la maigizo sio la Dar tu

Kaka unayesema tamasha la kimataifa la maigizo haliwezekani nje ya Dar, hapana aisee. Avignon kule Ufaransa ni mji wa mkoani tu, na mwaka 1947 mwongozaji wa maigizo Jean Vilar alianza na wiki moja ya sanaa, michezo mitatu, mmojawapo wakauchezea uani kwenye jumba la zamani la mapapa, leo kila Julai mji unafurika mpaka mashule yanageuzwa kumbi. Sisi hapa Arusha ua wa Boma la Mjerumani upo. Na watazamaji wapo, juzi tuko mazoezini Kaloleni mvua inapiga bati hatusikiani, ila watoto wamejazana dirishani hawabanduki. Tuanze na siku tatu, tuwaite wenzetu wa Nairobi, basi la asubuhi mchana wameshafika.