Kabla hujasaini pingamizi la maghorofa, uliza maji yataenda wapi

Mkuu, nimelisoma swali lako mara mbili. Umesema tangazo limebandikwa kwenye kiwanja kilicho wazi nyuma ya nyumba yenu, kwamba panajengwa maghorofa yenye makazi 80, mmepewa wiki tatu kutoa maoni, na majirani wanapitisha karatasi iliyoandikwa "hatuutaki mradi huu". Unauliza usaini au uache. Nitakujibu kwa yaliyotukuta sisi, maana miaka sita iliyopita nilikuwa hapo hapo ulipo wewe leo.

Sisi tulisaini, watu zaidi ya 200. Karatasi yetu ilisema mtaa utaharibika, thamani ya nyumba zetu itashuka, na tutaletewa watu tusiowajua. Siku ya kikao afisa mipango miji aliisoma mpaka mwisho, kisha akauliza: "Katika michoro hii, mnapinga kitu gani?" Ukumbi mzima kimya. Michoro ilikuwa imewekwa wazi ofisini kwao siku zote zile na hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kuifunua.

Aliyetuokoa ni mama mmoja anayekaa nyumba ya mwisho kule bondeni. Alisimama akauliza maji ya mvua ya pale juu kiwanjani yatapita wapi. Mhandisi wa mradi akamwonyesha mtaro kwenye mchoro. Mama akamjibu kwamba mtaro huo anaufahamu, upo mlangoni pake, na huwa unajaa hata sasa kabla halijawekwa tofali. Katika maneno yote yaliyosemwa jioni ile, hilo peke yake ndilo nililoona likiandikwa. Tukaongezewa wiki mbili tulete maelezo.

Hapo ndipo tulipoanza kazi. Tulichukua mti ulionyooka, tukauchora mistari kwa rangi nyekundu kila sentimeta 10, tukausimika kwenye mdomo wa kalavati, pale mtaro unapopita chini ya barabara. Kila mvua ikinyesha, mjukuu wa yule mama alitoka na mwavuli na simu, anapiga picha ya mti kila baada ya dakika tano. Tulipata mvua tatu. Ile kubwa ilipandisha maji kwa dakika 20 mpaka yakabakiza mstari mmoja tu kumwagika barabarani, na kiwanja kilikuwa bado majani matupu.

Baadaye tukapiga hesabu, na hii naomba uipige na wewe kwa vipimo vya kwenu. Milimita moja ya mvua ikinyesha kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kiwanja cha hekta moja kina mita za mraba 10,000. Ukifunika 6,000 kwa mapaa, lami na maegesho, mvua ya milimita 40 inakushushia hapo lita 240,000. Udongo wenye majani hunywa sehemu kubwa ya maji hayo na yanayobaki huyaachia taratibu. Paa na lami huyatoa karibu yote, tena kwa mkupuo, na mkupuo ndio unaopasua mitaro. Tulipeleka ukurasa mmoja wa hesabu na picha 14 zenye saa na tarehe. Mhandisi wao alizitazama moja baada ya nyingine, na hakubisha.

Kuhusu magari sitakuchosha. Angalia tarehe ambayo magari yalihesabiwa katika ripoti yao. Ya kwetu ilifanywa shule zikiwa zimefungwa. Tukahesabu wenyewe asubuhi za shule, watu wawili kila kona, tukiandika kila robo saa, tukaambatanisha. Uliza pia kama gari la zimamoto litaweza kuingia na kugeuka, na kama bomba la maji taka la mtaani linaweza kubeba mzigo huo mpya. Kama jua la uani kwako litazibwa, omba mchoro wa kivuli, unaoonyesha kivuli cha jengo kitaangukia wapi.

Sasa, ile sentensi ya "watu tusiowajua" iondoeni kabisa. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu jina langu lilikuwa chini yake. Watu wanahitaji mahali pa kukaa, na waliohamia kule juu ni familia kama zetu, wamechoka kupanga chumba kimoja. Wengine tumeshazikana nao. Bei ya nyumba yako nayo mara nyingi haipewi uzito wowote kwenye maamuzi haya, basi inakula nafasi ya hoja ambayo ingesikilizwa.

Kuna jambo moja nililizembea, usirudie. Kabla mashine hazijaingia, piga picha kila ukuta wa nyumba yako, ndani na nje, na kila ufa uwekee rula pembeni ili upana wake uonekane. Mpe mkandarasi nakala, asaini kuwa amepokea. Mimi sikufanya. Waliposhindilia ardhi, ufa ulitokea juu ya dirisha la chumba cha watoto, kidole kinaingia. Nikaambiwa ulikuwepo zamani. Jirani yangu aliyekuwa na picha alitengenezewa ukuta ndani ya mwezi mmoja.

Mradi wetu ulijengwa. Ila kalavati lilipanuliwa kabla ya jengo la kwanza, na chini ya maegesho wakaweka hodhi linalopokea maji na kuyatoa pole pole kwa bomba dogo. Malori yakakatazwa saa za watoto kwenda shule. Hayo yote yaliandikwa kwenye kibali kama masharti. Waliyotuahidi kwa mdomo kikaoni, miti ya kando ya barabara na kiwanja cha watoto, hatujayaona mpaka leo.

Na lile hodhi lenyewe lina habari yake. Hatukuuliza nani atalisafisha. Mwendelezaji, yaani mwenye mradi, aliuza nyumba zote akaondoka. Mwaka wa tatu bomba likaziba kwa tope, maji yakarudi mlangoni kwa yule mama, usiku, mpaka usawa wa godoro. Ofisi ikasema hodhi ni mali ya wenye maghorofa, wenye maghorofa wakasema hawakuambiwa kama lipo. Sasa tunalisafisha pamoja, sisi wa bondeni na wao wa juu, kwa ndoo na majembe kila kabla ya mvua. Sharti la matunzo lingekuwemo kwenye kibali, likitaja mhusika na chanzo cha fedha, yule mama asingepoteza vitu vyake.

Kwa hiyo usiisaini karatasi hiyo ilivyo. Nenda kesho ofisini, omba mchoro wa eneo, mchoro wa mitaro na ripoti ya magari, upige picha kila ukurasa. Usisubiri wiki ya mwisho, maana mvua haitawangoja na mnahitaji angalau moja ya kupima. Ukiupata mchoro wa mitaro uuweke hapa, nitakuonyesha pa kuanzia kutazama.