Namuuguza mama, mwili wangu umegoma

SWALI: Mama alipata kiharusi, upande wa kulia haufanyi kazi. Mwezi wa nane sasa namuuguza peke yangu. Kaka zangu wanatuma pesa tu. Usiku silali, nafoka kwa jambo dogo kisha nalia, hata dawa zangu za presha nazisahau. Je, nimekuwa mtoto mbaya?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Pole sana, dada. Hapana, umechoka kupita kiasi. Kinachotutia hofu zaidi ni hizo dawa, maana presha isiyodhibitiwa huleta kiharusi hicho hicho. Zimeze unapompa mama zake.

Kinachokumaliza ni usiku. Kumgeuza kila baada ya saa 2 huzuia vidonda, lakini kama godoro ni zuri na ngozi ya makalioni na visiginoni haijabadilika rangi wala kuwa ngumu, muulize muuguzi kama mnaweza kumgeuza kila baada ya saa 4. Usimvute mikono: tandika chini yake shuka lililokunjwa mara mbili, kuanzia mabegani hadi mapajani, na mtu wa pili ashike upande wa pili. Anayeinua mgonjwa peke yake huishia na mgongo mbovu.

Kaka zako usiwaambie “nisaidieni”. Watatuma pesa tena. Sema: “Jumamosi, saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni, zamu yako.” Asiyeweza kuja, pesa yake imlipe mtu wa usiku mara mbili kwa wiki, nawe ulale chumba kingine.

Kilio na kukosa usingizi vikizidi wiki 2, nenda kituo cha afya. Ukiwaza kujidhuru au kumpiga mama, mwite jirani akae naye, uende siku hiyo hiyo.