Homa imeisha, kikohozi hakiishi: yaliyonikuta Njombe

Dada mleta mada, umeuliza mambo matatu: kwa nini kikohozi cha mafua kinaendelea wakati homa iliondoka mwezi uliopita, unaishije na watu wa nyumbani katika hali hiyo, na kama mwanao wa miezi minane, ambaye naye anakohoa, anaweza kulamba asali. Waliotangulia wamekutajia majani ya kila aina. Mimi nakusimulia yangu, utachukua linalokufaa.

Ni mwalimu, mzaliwa wa Tanga, nimeolewa Njombe. Sisi wa pwani tukisema baridi tunamaanisha upepo wa kusi na shuka mbili. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kipupwe kikishika, mwezi wa sita na wa saba, kuna siku ukungu haunyanyuki mpaka saa nne asubuhi, nguo unazianua siku ya tatu zikiwa bado na unyevu, na maji ya bomba alfajiri yanauma mpaka kwenye kucha. Mwaka juzi mafua yalinilaza siku nne, mwili mzima kama umetwangwa kinuni. Nikapewa ED, yaani ruhusa ya daktari ya kutokwenda kazini, ya siku tatu, homa ikaisha. Kikohozi kikakaa wiki saba.

Zile siku nne zilikuwa rahisi, amini. Kila mtu alijua naumwa. Baba watoto alipika ugali wake wenye mabuja na hakuna aliyelalamika, jirani akaleta uji, wifi akafua. Balaa lilianza nilipoinuka. Ukishaoga, ukafunga kitenge, ukatoka nje kuota jua, basi kwao umepona, na kila kitu kinarudi mikononi mwako siku hiyohiyo. Wakati huo ndoo moja kutoka bombani ilikuwa inanikalisha kwenye kizingiti dakika kumi, natafuta pumzi. Ukisema umechoka, unaambiwa "lakini si unaendelea vizuri?" Wiki ya tatu mume wangu akahamia sebuleni "ili upumzike", akaondoka na lile blanketi zito. Niseme ukweli tu, nililikumbuka blanketi kuliko yeye.

Kuna mambo mengine hayasemwi. Unakohoa mpaka mkojo unachungulia. Wanawake mliozaa mnanielewa. Nilikuwa natembea na kipande cha khanga kwenye mkoba kama binti aliyevunja ungo jana. Mbavu ziliuma upande mmoja mpaka nikawa nacheka kwa kujishika. Darasani sauti ilikuwa inakata kipindi cha pili, na vumbi la chaki ndilo lilikuwa adui mkubwa: nikifuta ubao tu, kipindi kimekwisha. Nikamkabidhi kiranja kazi ya kufuta, mimi nasimama dirishani mpaka vumbi litue. Kama kazi yako ina vumbi, moshi au unga, anzia hapo kabla hujanunua chupa ya pili ya dawa.

Hapo kwenye moshi nilikosea vibaya. Mchana nguo za shule za watoto zilikaukia juu ya jiko, na usiku tuliliingiza jiko la mkaa chumbani, dirisha tumeliziba kwa gunia ili upepo usipenye. Wengi wa huku tunafanya hivyo. Nilikuwa nakohoa kuanzia saa nane usiku hadi adhana, nikilaumu mafua. Asubuhi moja niliamka kichwa kinagonga, miguu haina nguvu, na mdogo wetu wa miaka mitatu ametapika kitandani na halii, amelegea tu. Baba yake ndiye aliyekuja kufungua mlango na dirisha, akatubeba mpaka barazani. Wakuu, mkaa unaoonekana hauna moshi bado unatoa kaboni monoksaidi, na hiyo haina harufu wala rangi. Familia zimelala na jiko chumbani na hazikuamka. Tangu siku hiyo jiko linazimwa nje, chumbani tunalala na chupa za maji ya moto zilizofungwa kwenye soksi. Wiki moja baadaye nikawa nalala saa nne mfululizo.

Sasa kwa nini hakiishi. Nilivyoelezwa na daktari ni kwamba virusi vinaondoka lakini njia ya hewa inabaki imechubuka, kila kitu kinaitekenya: hewa baridi, harufu ya vitunguu, kucheka. Kikohozi cha namna hiyo kinaweza kuburuza wiki tatu mpaka nane. Mimi kabla ya kuelezwa nilishameza amoksilini ya kununua dukani, haikugusa kitu zaidi ya kunivuruga tumbo, maana dawa hizo zinaua bakteria, virusi haziviwezi. Tangawizi na ndimu ninazipenda, zinalainisha koo. Kuponya ni habari nyingine. Kilichonisaidia usiku ni kulala nimeegemea mito mitatu badala ya kulala chali.

Lakini usiishie kwenye maelezo yangu, nenda ukapime. Hapa kwetu mtu akikohoa wiki mbili au zaidi anatakiwa kupimwa kifua kikuu, na kwenye vituo vya serikali kipimo hicho hakilipiwi. Unapewa kikopo, unatoa makohozi, yale ya alfajiri ndiyo mazuri. Kama kuna damu, unapungua, au usiku unaloa jasho, usingoje hata hizo wiki mbili.

Nakuonya tu kuhusu nyumbani unapopeleka hicho kikopo. Mama mkwe alikuwa amekuja kunisaidia, mama mwema kabisa, anaamka kabla ya jogoo kuniwekea maji ya moto. Jioni ya siku niliyopeleka makohozi, chai ilikuja kwenye kikombe cha bati chenye mstari wa buluu, kimebanduka kidogo kwenye mkono. Wengine wote walikuwa na vya udongo. Asubuhi yake kikombe kilekile, kimeoshwa na kuanikwa peke yake kwenye kichanja, mbali na vyombo vingine. Hakusema neno, na mimi sikuuliza. Kifua kikuu kinaenda kwa hewa, hakiambukizi kwa kikombe, hilo nalifundisha darasani kila mwaka, lakini mbele ya mama mkwe elimu yote ilinikwama kooni. Maneno niliyameza pamoja na chai. Binti yetu wa darasa la tano ndiye aliyeuliza mezani: "Bibi, mbona mama anakunywa kwenye kikombe cha kuchotea unga?" Kimya. Bibi akasema kinatunza joto.

Majibu yalirudi safi. Nilimwonyesha karatasi, akaisoma taratibu kwa kidole, akasema "Mungu ni mwema, mwanangu," akaingia jikoni. Chai ya jioni ilikuja kwenye cha udongo. Tangu siku hiyo hatujawahi kulizungumza, na sidhani kama tutalizungumza.

Kwa hiyo ushauri wangu kuhusu watu wa nyumbani: waambie mapema, kwa maneno, kwamba bado hujapona, na taja kazi gani huwezi. Mimi nilinuna nikisubiri waone, hawakuona. Nilipotamka kwamba ndoo na kufua siviwezi mpaka mwezi uishe, mume alibeba ndoo bila ugomvi. Watoto, wao wanazoea upesi kuliko sisi. Usiku wa kwanza niliolala bila kukohoa, yule mdogo alikuja gizani akanipapasa uso kwa vidole vya baridi, akauliza, "Mama, upo?"

Na mtoto wako wa miezi minane: asali usimpe, hata ya kulamba kidole, mpaka avuke mwaka mmoja. Inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvimudu, na sumu yake inalegeza misuli mpaka ya kupumua. Mnyonyeshe mara nyingi, msafishe pua kwa maji ya chumvi kabla hajanyonya. Ukiona anapumua haraka, mbavu zinaingia ndani, au anakataa ziwa, mpeleke kituoni saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Umesema anakohoa tangu lini? Na huko ndani mnaota jiko?