Daktari bingwa peke yake hatoshi
Umeuliza kama hospitali ikishapata daktari bingwa wa watoto basi iko tayari kwa dharura. Hapana, ndugu yangu. Mimi huanza na foleni: mtoto mwenye degedege au anayepumua kwa shida anaonwa papo hapo, au mama anaambiwa akaandikishe kadi kwanza? Kule Blantyre, Malawi, walipopanga upya mapokezi ili mahututi watambuliwe mlangoni, vifo vya watoto waliolazwa vilipungua sana. Halafu oksijeni, glukosi, barakoa za kupumulia za saizi ya mtoto (ya mtu mzima inavujisha hewa tu), na mizani, maana dozi hufuata uzito. Vyote viwe mezani, si kabatini huku mwenye ufunguo yuko likizo.